Nyuki wa Bosi

Duka la uchapaji lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Wanafunzi wa chuo waligombania printa kana kwamba mitihani ilianza saa ileile, na mchapaji, mwanamume mnene kidogo mwenye wino hadi viwikoni, aliwajibu wote kwa mpigo. Ndipo mwanamke mmoja, gauni la buluu iliyofifia na raba miguuni, akapenyeza mkono katikati ya mabega ya watu na kumwekea simu mbele ya macho.

"Kaka, nitolee hii. Nyuki wa kupaka rangi, wa watoto."

"Foleni hiyo, dada yangu, huioni?"

"Naiona. Hawa wanataka kufaulu. Mimi nina mtu analia."

Watu wakacheka, wakampisha. Yeye hakucheka. Aliitazama karatasi ilipotoka, akatikisa kichwa. "Mistari myembamba. Mkono wake unatetemeka, akitoka nje ya mstari anaitupa."

Mchapaji akachukua kalamu nene, akachora nyuki wake mwenyewe, tumbo kubwa, mistari mipana, akamtoa kopi. "Mkono wa nani huo?"

"Mgonjwa wangu. Yuko wodi ya watoto."

"Kumbe u sista!"

Angeweza kusema hapana. Lakini baba wa mtoto wake, siku alipoambiwa kuwa ugonjwa uko kwenye damu na tiba yake ni ndefu, alitoka kununua vocha na hajarudi hadi leo. Kwa hiyo mwanamke akamtazama huyu mwenye wino, akaona anavyotabasamu, akataka angalau mtu mmoja asiyemwonea huruma.

"Ndiyo," akasema. "Mimi ni sista."

Kuanzia hapo akawa anakuja kila baada ya siku chache, au anapiga simu.

"Bosi anasema nyuki wako hana mdomo. Atakulaje?"

"Mwambie yuko kwenye dayati."

"Basi na mchoraji naye aingie, tumbo limeanza kumtangulia."

"Sista, unanitukana na bado sijakuoa?"

"Nani kakwambia naolewa na mtu mwenye mikono michafu?"

Bosi ndiye aliyekuwa mgonjwa msumbufu, msichana wa miaka sita, kwa maelezo ya sista. Karatasi alizopaka rangi zilirudishwa dukani, na mchapaji akazibandika ukutani juu ya mashine mpaka ukuta ukajaa nyuki wa kijani, wa zambarau, wa rangi ambazo nyuki mwenyewe hazijui. Jioni akifunga duka walikaa kwenye benchi la nje wakinywa chai, bega kwa bega. Mchapaji akampenda. Ndiyo hivyo, hakuna maneno mengine, mtu mzima alipenda kama mtoto.

Siku aliyoamua kumchumbia alinyoosha shati jeupe, akasugua viwiko kwa ndimu, akabeba rundo la nyuki wapya na kwenda hospitali. Kwenye mlango wa wodi akamuulizia sista wake, akamweleza alivyo.

Nesi akakunja uso. "Huyo si mwenzetu. Ni yule pale, mama wa mtoto wa kitanda cha dirishani."

Kupitia kioo alimwona kwa mgongo, amejiinamia na kijiko mbele ya kichwa kidogo kisicho na nywele. Angesukuma mlango tu. Lakini mwanamume akishanyoosha shati halafu akagundua amedanganywa, huwa haoni tena kitu kingine ila shati lake. Akageuka, akarudi na nyuki wake wote.

Simu ikaita siku ile, na iliyofuata. Hakupokea. Ukaja ujumbe: *Bosi anauliza nyuki. Kuna nini, mpenzi?*

Akajibu: *Mwombe sista wa kweli akuchoree.*

Simu ikanyamaza. Alijiona ameshinda, na ushindi wenyewe ukamkosesha hamu ya kula.

Wiki ikapita. Mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni juu ya gauni jeusi akaingia, akampa simu yenye picha. "Nikuzie picha hii iwe kubwa, mwanangu. Ya mtoto wa mdogo wangu. Tunazika kesho."

Mashine ikaanza kuvuta karatasi. Mama akainua macho ukutani, akayaacha hapo. "Hao nyuki si wa mtoto wetu? Ndiye wewe uliyekuwa ukimchorea?"

Picha ikatoka. Msichana mwenye nywele zilizosukwa, picha ya zamani, pengo mdomoni, anacheka na kamera. Mchapaji hakuwahi kumwona usoni hadi hapo. Aliishika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue, kisha akafunga duka mchana kweupe na kumfuata dada mtu.

Mwanamke alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakushtuka.

"Nilidanganya," alisema. "Usije ukasema ni wewe tu uliyekosa."

"Nilifika mpaka mlangoni. Nikageuka."

"Aliuliza nyuki mpaka siku ya mwisho. Nikamwambia mashine imeharibika." Akafuta pua kwa kiganja. "Sijakusamehe."

"Najua."

Ndani watu walikuwa wakizungumzia dawa, daktari, damu iliyokosekana.

"Unawasikia?" mwanamke akasema. "Wote wanamjua mgonjwa. Wewe hukujua kama anakufa. Niambie alikuwaje."

Mchapaji akachuchumaa mbele yake.

"Alianza na mabawa. Kila mara, mabawa kwanza, rangi nzito zaidi ilikuwa hapo. Karatasi za mwisho zilikuja na mabawa peke yake, mwili mweupe. Mimi nikadhani Bosi amekuwa mvivu."

Mwanamke akaangua kilio, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Akamshika shati kifuani kwa mikono yote miwili, si kumvuta wala kumsukuma.

"Na nini tena?" akasema. "Sema. Na nini tena?"