Sauti ya Kamba

Gari la Kamba lilikuwa limekaa juani tangu lirudishwe, na bado tope lake lilikuwa bichi.

Mkewe ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa anapita yadini akiburuta waya wa mashine yake ya kuchomelea, akaegemea mlango wa gari kupumzika kidogo, na alipoinua mkono kiganja kilikuwa cheusi, kimelowa, kinanuka majani yaliyooza. Magari ya wateja yaliyopangwa kando, yaliyoletwa kuinuliwa springi na kufungwa winchi za kujivutia kwa kebo, yalikuwa na vumbi la kuandikika kwa kidole. Hili peke yake lilidondosha matone chini ya bampa, kama lililotoka majini asubuhi ile.

Alijifuta mkono kwenye ovaroli, akaendelea na kazi. Hakutaka kuliwaza gari lile. Hakutaka lioshwe, na hakutaka liuzwe.

Gereji ilikuwa yao wote wawili. Yeye alichomelea ngao za mbele, vichanja vya juu ya paa na mabomba marefu ya kuipa injini hewa gari likivuka maji. Mumewe ndiye aliyeingia porini kuwatoa waliokwama. Watu walimwita Kamba kwa sababu hakuwahi kurudi bila mtu aliyekwenda kumvuta, na walimpenda kwa mdomo wake. Alipomkuta dereva amezama hadi milangoni, alimwuliza kwanza kwa upole kama hapo ndipo anapopenda kuegesha.

Msimu wa mvua aliitwa kwenye kinamasi kilicho ng'ambo ya msitu. Alimtoa dereva, akamweka penye ardhi ngumu, kisha akarudi kufungua ndoano ya kebo iliyobaki chini ya tope. Dereva yule alisimulia kwamba alimwona Kamba amezama hadi kiunoni, anacheka, anamwambia asihangaike. Akageuka kuchukua sepetu, na alipotazama tena, tope lilikuwa limetulia. Mdogo wake Kamba alikwenda na wanaume wengine, wakachokoa kwa fito mpaka mikono ikachubuka. Walirudi na gari lake tu, ambalo nalo tope lilikuwa limelishika. Na kwa kuwa mwili haukupatikana, mkewe aliwakataza watu kuja kulia kwake. Aliwaambia mumewe amechelewa.

Walikuwa na binti mmoja. Baba yake alimwita Nati, kwa kuwa alikuwa mdogo na mgumu. Nati akaanza kuingia ndani na miguu yenye tope, ingawa yadi nzima ilikuwa kavu. Mama alidhani anachezea bomba. Kisha akaona kwamba mtoto anasukuma sahani, kwamba mikono yake ni baridi hata akiwa karibu na jiko, na kwamba nywele zake, alipokaa kumsuka, zina harufu ileile iliyokuwa kiganjani mwake siku ile.

Jioni moja alimnyatia. Nati alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva cha gari la baba yake, milango imefungwa, ameshika kipaza cha redio ambayo Kamba alikuwa akiongea nayo na gereji akiwa porini. Gari lile halikuwa hata na betri; shemeji, yule mdogo wake Kamba, alishaitoa na kuifunga kwenye gari jingine. Lakini taa ndogo ya redio ilikuwa inawaka, na mama, aliyeweka sikio karibu na kioo, akasikia sauti ya mumewe.

"Bado nimekwama, Nati," ilisema. "Kuna baridi huku. Utakuja kunivuta lini?"

Kilichomshika kwanza kilikuwa furaha, na furaha hiyo ndiyo aliyoionea aibu baadaye. Alifungua mlango, akachukua kipaza, akamwita mumewe kwa jina walilokuwa wakiitana wakiwa wawili tu. Sauti ikaitika. Ikamwuliza mgongo unaendeleaje. Ikamwambia waya wa mashine yake umechubuka karibu na kishikio, auangalie usije ukamrusha. Alikaa pale na mtoto mapajani mpaka yadi ikawa giza, na alipotaka kuteremka akaona maji meusi yamewafika kwenye vifundo, humo ndani ya gari, na hakukumbuka yalianza kupanda lini.

Kesho yake walirudi humo wote wawili. Na siku iliyofuata. Wateja wakawa wanakuta lango limefungwa.

Shemeji alipokuja kuuliza kwa nini simu hazipokelewi, alipitia mlango wa nyuma, akasikia maongezi ndani ya gari, akasogea akidhani ni mteja, akamwona mke wa kaka yake anatabasamu huku machozi yanamtiririka, na Nati ubavuni pake amelala mdomo wazi, na kutoka kwenye mdomo ule wa mtoto, kila alipovuta pumzi, ilikuja sauti ya tope linalobubujika, ileile aliyoisikia kinamasini wakati wanachokoa kwa fito, ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba bado anaisikia kila akifumba macho.

Alimtoa Nati kwa nguvu, huku mama akimng'ang'ania mguu, akimwomba asiwatenganishe. Akawafungia ndani ya nyumba, kisha akaenda kumwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo. Alifika kwa pikipiki, akavua kofia ngumu, akalizunguka gari bila kuligusa. Alimchukua mama akakaa naye mbali na redio, akaongea naye kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea karibu na mgonjwa. Alimweleza kwamba kinamasi kile kina mwenyewe, jini asiye na umbo wala sauti yake, anayevaa vya aliyezama. Alipanda na gari siku lilipotolewa. Sasa anatafuta wa kumpeleka chini.

"Lakini anayajua mambo yetu," mama alinong'ona. "Mpaka mgongo wangu anaujua."

"Anajua alichokikuta kwa mumeo. Mumeo mwenyewe angemwita mtoto huyu kwenye tope?"



Mganga akamwambia kwamba gari lazima lirudi lilikotoka, bila mtu ndani yake, na yeye mke ndiye alivute, kwa kuwa ndiye aliyemwita kwa jina la mumewe. Akifika, atamke kwa kinywa chake kwamba mumewe amekufa.

"Na nikwambie mapema, dada yangu," alisema mganga. "Akiondoka, huondoka na alichokivaa."

Mama alidhani anasema habari za gari.

Waliondoka mchana, anga limefunga. Mganga alibaki na Nati, amemshika mikono yote miwili. Shemeji alifunga gari la Kamba nyuma ya gari jingine kwa chuma cha kukokotea, akakaa kando ya mama, naye mama akashika usukani.

Aliyewahi kukokota gari lisilo na dereva anajua jinsi linavyosukuma kwenye mteremko, jinsi unavyolisikia mgongoni kama mtu mwenye haraka. Gari lile halikusukuma. Kwenye mteremko wa kwanza lilishika breki taratibu, kwa wakati wake, na kwenye kona yenye mawe lilijisogeza nje kidogo ili chuma kisije kikapinda, na mama, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amekokota magari na mumewe akiwa nyuma kwenye usukani, akautambua mguu ule kwenye breki kama anavyoutambua mguu unaovuka kizingiti cha nyumba yake, akaanza kuinua macho polepole kuelekea kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

"Usitazame, shemeji," alinong'ona yule mdogo mtu. "Nakuomba usitazame."

Hakutazama. Aliendesha huku analia kimya kimya, na redio ya gari lao, ambayo hakuna aliyeiwasha, ikawa inapumua.

Kinamasini alirudi kinyumenyume mpaka magurudumu ya gari la Kamba yakagusa tope. Shemeji akachomoa pini, akarudi mbio. Hapo redio ikasema, kwa upole, bila kulaumu.

"Unaniacha huku, mke wangu?"

Alikishika kipaza cha redio kwa mikono yote miwili.

"Mume wangu amekufa," alisema. "Alikufa hapa, na mimi sikumlilia."

Gari lilianza kuteremka lenyewe. Tope lililipokea hadi kwenye taa, hadi kwenye vioo, hadi kwenye kichanja alichokichomelea yeye kwa mikono yake, na muda wote huo sauti iliita jina lile la wawili tu, mara kwa mara, ikizidi kuwa nzito, mpaka ikakatika katikati ya jina.

Nyumbani, Nati alikuwa ametapika maji meusi na sasa anaomba chakula. Mwili wake ulikuwa na joto. Mama alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Jioni hiyohiyo akawapigia ndugu simu, akawaambia waje.

Walikuja, wakajaa sebuleni mpaka yadini. Wakalia, na baadaye, kama ilivyo kawaida ya watu waliolia sana, wakaanza kukumbushana utani wa Kamba na kucheka. Mama alitaka kuusikia utani huo kichwani jinsi mumewe alivyousema. Maneno yalikuja yote. Sauti haikuja. Akadhani ni uchovu. Akamwuliza shemeji kama anaikumbuka, na shemeji akasimama na kikombe mkononi, akajaribu kuiiga, ikatoka yake mwenyewe tu.

Alikwenda chumbani, akafungua simu, akatafuta video aliyomchukua Kamba wakijaribu winchi mpya. Upepo ulisikika. Winchi ilisikika. Kicheko chake mwenyewe, nyuma ya kamera, kilisikika. Lakini kila mdomo wa Kamba ulipofunguka, kilichotoka ni tope likibubujika kidogo, kisha kimya.

Alibaki ameketi kitandani, simu mapajani, mpaka Nati alipoingia na kupanda kando yake. Mtoto alitazama, akasikia. Kisha akanyoosha kidole, akapunguza sauti ya simu mpaka ikaisha kabisa, akaianzisha video upya. Aliisogelea sana, macho yakifuata midomo ya baba yake.

"Anasema vuta," alisema Nati.

Kwenye kioo cha simu Kamba aliinua mkono. Nati naye akainua wake.

"Vuta," alisema kwa sauti yake ndogo. "Vuta. Polepole. Basi, basi, hapo hapo."

Video ikaisha. Mama akairudisha mwanzo, akafumba macho, akamwomba Nati aseme tena.