Mitungi Iliyofungiwa Stoo

Tabby na Kipkemoi walikutana katikati ya kelele za kasualti, kitengo cha dharura cha hospitali moja ya Nakuru, siku basi lilipopinduka karibu na Longonot. Tabby alikuwa nesi, sare imelowa damu. Kipkemoi, daktari mtafiti mwenye shati jeupe pe, alikuwa amekosa hata pa kusimama.

"Boss, umekuja kutuangalia ama utashika hii dripu?" Tabby akamfokea.

Akashika. Walipomaliza akamnunulia chai, na mapenzi yakaanzia hapo.

Mwaka uliofuata, Tabby aliketi katika ukumbi wa hoteli, amevaa lile gauni la kijani alilolipenda Kipkemoi, akimsikiliza akisoma matokeo ya utafiti wake mbele ya wakubwa wa hospitali, mkurugenzi akiwemo.

"Wagonjwa mahututi wanacheleweshwa," alisema Kipkemoi, "hasa kwa uzembe wa wauguzi."

Tabby aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka, akatoka.

Simu ya Kipkemoi, aliyekuwa ametoka nje ya ukumbi, ilimkuta getini.

"Sweetie, usikate. Mkurugenzi ndiye alibadilisha ripoti. Aliondoa sehemu inayohusu oksijeni."

"Na mdomo ulikuwa wa nani, Kip? Mitungi imefungiwa stoo, funguo anazo yeye, mimi nagonga mlango mpaka ngumi zinafura! Mgonjwa wangu Mama Wanjugu akakata roho mikononi mwangu. Leo mimi ndiye mzembe?"

"Babe, niliogopa mradi utafungwa..."

"Rudi ndani useme ukweli. La sivyo usiniite babe tena!"

Kipkemoi hakukata simu. Tabby alisikia hatua zake, kisha sauti yake kwenye maikrofoni: "Samahani. Kuna matokeo nimeyaficha." Akaeleza habari za stoo na manesi waliokuwa wakibembeleza wafunguliwe. Maikrofoni ikazimwa, akaendelea kwa kupaza sauti. Tabby aliegemea geti akilia. Hakuwahi kumpenda hivyo.

Kipkemoi akatoka mbio, tai mkononi.

"Wamenifuta kazi. Sijali. Nioe... yaani, nikuoe, Tabby."

Tabby alicheka katikati ya machozi, akamshika mashavu. Ndipo swali likamjia.

"Kip, mambo ya stoo uliyajua lini?"

Kipkemoi aliangalia chini. "Tangu tuanze utafiti. Nilidhani nikiingilia, data itaharibika."

"Kabla ya Mama Wanjugu?"

"Kabla."

Mikono ya Tabby ikashuka.

"Nakupenda, haki ya Mungu. Lakini ulikaa pale na kalamu ukiangalia watu wakikosa pumzi. Siwezi kulala kando yako."

"Tabby, mpenzi..."

Tabby alishamsimamisha mtu wa bodaboda. Alipanda, akalikusanya gauni magotini.

"Nipeleke kasualti," alisema, "na ukimbize."