Mfuko Uliotazama Nyuma

Kila mtoto wa Ikonge aliijua sheria hii kabla ya kujua kusoma: majira ya mvua, mtu asichimbe chini ya genge. Udongo mwekundu wa kusiriba nyumba huchotwa juu, peupe, hata ukiwa haba.

Ijumaa moja ya mwaka 1966, Mwalimu Onsongo alichora ubaoni mnyama mnene mwenye makucha.

"Huyu ni wombati wa Australia," alisema. "Kama kangaruu na koala, ni jamaa ya wanyama wenye mfuko. Mtoto wao huzaliwa mdogo kama punje ya haragwe, akatambaa mwenyewe hadi mfukoni, akanyonya humo miezi mingi. Wombati hula nyasi na huchimba shimo la kulala. Lakini mfuko wake hufungukia nyuma. Kwa nini?"

"Ili mtoto amwone fisi anayewafuata," Bitutu alimnong'oneza Nyanchera, rafiki yake. Wakacheka.

"Bitutu, utabaki baada ya kengele," Mwalimu alisema.

Alibaki, na jibu hakulipata. "Unalo deni," Mwalimu alimwambia. "Jumatatu unilipe."

Alipofika nyumbani, mama yake, Persis, alikuwa akilitazama jua. "Sabato haimngoji mtu, nasi hatujasiriba. Mbebe mdogo wako Nyamweya ukalete udongo. Wa juu, unasikia?"

"Nimesikia, Mama."

Huko juu mvua ilikuwa imeacha tope tupu. Chini ya genge udongo ulikuwa mkavu, laini. Wingu zito lilikuwa limetanda na ndege wote walikuwa wamenyamaza. "Wombati huingia na mtoto wake," Bitutu alijiambia, akainama, akaingia chini ya genge, mdogo wake mgongoni.

Alichimba, udongo ukimrukia mgongoni. Changarawe zikachuruzika nyuma yake. Akasikiliza kidogo. Akachimba tena. Ndipo Nyamweya akalia kilio cha kukabwa. Bitutu alipopeleka mkono nyuma, alikuta mbeleko imejaa udongo, na kinywa cha mtoto pia.

Jibu la swali la Mwalimu likamjia pale pale. Alitambaa nje, akamfungua mtoto, akampangusa kinywa, akamlaza majanini. Angaliishia hapo! Lakini kikapu kilikuwa kimebaki ndani, nacho kilikuwa kimejaa. Akarudi.

Genge halikunguruma. Liliketi tu, kama mzee aliyechoka, likamfunika miguu hadi kiunoni.

Kilio cha Nyamweya kilimleta jirani yao, Angwenyi, aliyekuwa akitoka kuchuma chai, kisha Persis. Wakafukua pamoja. Jua likatua, Sabato ikaingia. Persis, ambaye hakuwa akiokota hata kijiti siku ya Sabato, aliendelea kufukua kwa kucha zake mpaka mwanawe akatoka. Mguu ulikuwa umevunjika.

Jumatatu Mwalimu alimkuta kitandani.

"Ni ili mama akichimba, udongo usimwingie mtoto," Bitutu alisema kabla ya kuulizwa.

"Sahihi. Wombati hahitaji kuonywa, kwa maana Muumba amemgeuzia mfuko. Wewe hukupewa mfuko, ulipewa masikio. Ile methali ya mguu sitaitaja, umeivaa."

"Kosa ni langu, Mwalimu. Mama alinikataza."

"Hilo nalo ni jibu. Atakayeamua adhabu ni mama yako."

Mguu ulipopona, Persis alimpa jembe na miche ya michongoma. Bitutu alipanda ua wa miiba kulizunguka genge, peke yake, akichechemea. Alipomaliza, mama yake alikuja, akautikisa mche mmoja mmoja. Hakuna uliong'oka.

"Adhabu imekwisha," alisema. Kisha akamwinua Nyamweya, akamweka mgongoni mwa Bitutu, akakaza mbeleko.