Bei ya Leo Tu

Siku Josepha alipokutana na Kipriani, soko la Kibondo lilikuwa limefurika. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1996. Wakimbizi walikuwa wengi wilayani, magari ya mashirika yalipishana barabarani, na kila aliyepata kibarua alianza kuona haya kulala chini ya nyasi. Kipriani alikuwa amesimama juu ya meza karibu na stendi, suruali ya marinda imepigwa pasi ikapigika, shati jeupe limechomekewa. Alikuwa akimwaga maji juu ya bati, kisha juu ya tita la nyasi, ili watu waone kipi kinavuja.

"Dada wa gauni la njano, simama kidogo. Nyumbani kwenu ni bati au nyasi?"

"Nyasi. Unataka kunicheka?"

"Nikucheke? Naona uchungu. Uzuri wote huo unadondokewa na mchwa."

Watu walicheka, Josepha naye akacheka, na hapo ndipo alipoponzeka. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, na alikwishawafukuza wanaume wenye maneno matamu kuliko hayo. Lakini huyu alishuka mezani, akambebea furushi lake la vitenge mpaka kwenye baraza aliposhonea, akamuulizia mama yake kwa Kiha safi cha Kasulu. Josepha alimwambia kwamba anaishi na mama yake, Esteri, na kwamba mama ana kifua kibovu: baridi kidogo tu humlaza wiki nzima. Kipriani alisikitika sana. Pia aliliweka jambo hilo akilini, maana kujua mteja anaumia wapi ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Penzi likaanza. Kipriani alirudi Kasulu kwa tajiri wake, mkandarasi wa kuezeka nyumba, lakini kila Alhamisi saa nane mchana alipiga simu posta ya Kibondo. Josepha alikuwa pale tangu saa saba, amejipaka poda, kana kwamba mtu wa upande wa pili angemwona.

"Umevaa nini leo?"

"Bluu, yenye kola nyeupe. Nimeishona jana."

"Usinimalize, laazizi."

"Kasulu si mbali. Njoo uione."

"Nakuja. Nakuja kuezeka nyumba ya mkwe wangu. Ila bei niliyokuombea ni ya leo tu, Josepha. Kesho tajiri anapandisha. Sema ndiyo."

Josepha alisema atafikiri. Alhamisi iliyofuata bei ilikuwa ya leo tu, na iliyofuata vilevile. Alimtania kwamba Kasulu hawana kalenda, naye Kipriani akajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku nyingine alimwambia kwa sauti ya chini, "Usikate nyasi mwaka huu, mpenzi. Mikono hiyo ya kushona utaiharibu bure." Kila mwaka Josepha na jirani yake Ntirampeba walikata nyasi mpya mwezi huo na kuzibia paa kabla ya mvua. Mwaka huo Ntirampeba alikwenda peke yake. Josepha alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri.

Septemba vilima vikachomwa moto kama kawaida, vikabaki vyeusi. Ndipo Kipriani alipokuja.

Alifika na sukari na sabuni, akaketi na Esteri saa nzima akimweleza habari za bati: halivuji, halioti uyoga, halifichi nyoka. Esteri alijibu, "Ego. Ego." Mtoto yeyote wa Muha anaijua ego hiyo. Ni ndiyo, lakini mzee anapomsikiliza mgeni, maana yake ni nakusikia, mwanangu, endelea. Kumkatia mgeni maneno ni utovu wa adabu. Kipriani alilelewa na bibi yake huko Kitanga. Alijua.

Asubuhi ya pili Josepha alikuwa kwenye cherehani Ntirampeba alipomjia mbio, akamwambia nyumba yao iko uchi. Alipofika aliwakuta Kipriani na mafundi wanne wa tajiri wake wamekwisha kuezua, na nyasi kuukuu zinawaka uani. Ndivyo kundi lile lilivyofanya kila mahali, ili mwenye nyumba asiwe na pa kurudia. Esteri alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunika blanketi, anaitazama mbingu kupitia chumba chake.

"Nani amewaruhusu?" aliuliza Josepha.

"Mama alikubali," alisema Kipriani. "Nilimuuliza mara tatu, akasema ego."

"Wewe ni Muha, Kipriani."

Kipriani aliinamisha macho. Kisha, Mungu amsamehe, akatoa karatasi mfukoni. "Weka sahihi tu, mpenzi. Kesho bati ziko hapa. Nyumba iliyo wazi haisubiri."

Josepha alisikia maneno mpenzi na sahihi yakitoka kwa sauti moja, ileile ya posta. Aliichana karatasi akaitupia motoni, akawafukuza wote. Aliamini kwamba hajapendwa hata siku moja, na hapo alikosea. Kipriani alimpenda mpaka akakonda. Alidhani bati likishapigwa atasamehewa, na atamwoa chini ya bati hilohilo. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuomba kitu, kisha kusubiri jibu.

Kasulu, tajiri alisema pasipo sahihi hakuna bati. Ijumaa mvua ikanyesha. Esteri akahamia katika kibanda cha jikoni, kwenye moshi na unyevu, akikataa kwenda kulala kwa watu. Josepha alizunguka akiomba nyasi. Ntirampeba alimpa matita mawili yaliyosalia, hayakufunika hata chumba kimoja. Alhamisi karani wa posta alituma mtu kumwita kwenye simu. Hakwenda, maana alikuwa amemshika mama anayekohoa mpaka midomo inageuka rangi.

Wiki ya pili Kipriani aliacha kazi, akachukua bati badala ya mshahara wake, akazipakia kwenye lori. Lori likakwama siku mbili kwenye tope. Alipoingia uani amejitwika bati za kwanza kichwani, aliwakuta wanawake wameketi chini, vitenge vimelowa. Esteri alikuwa amefia hospitali jana yake. Sasa alikuwa amelazwa ndani, chini ya turubai la kuazima.

Wanaume waliinuka wamtimue. Josepha akatoka na gauni jeusi.

"Mwacheni," alisema. "Kipriani, panda."

"Hatupigi nyundo juu ya maiti, Josepha. Ni mwiko."

"Mama akiwa hai ulipanda. Panda."

Alipanda. Mchana kutwa alipigilia peke yake, bati kwa bati, machozi yakimtoka, na kila nyundo ilipolia waombolezaji walinyamaza, kisha wakaanza tena wimbo. Wengine walinong'ona kwamba Josepha amerukwa na akili. Jioni mvua ilikuja kubwa, na hakuna tone lililomfikia Esteri.

Kipriani alishuka, vidole vimechubuka.

"Sina tajiri tena," alisema. "Nataka kukuoa. Sikuharakishi. Mwaka, miaka miwili, utakavyosema wewe."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutomwekea mtu siku.

"Nakupenda," alisema Josepha. "Sikuacha hata siku moja, hata jana pale wodini, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu. Nenda."

"Nirudi lini?"

"Usirudi."

Alingoja aongezewe neno. Josepha akageukia mlango. Kipriani akachukua nyundo yake, akashika njia ya stendi kwenye mvua ile.

Josepha aliingia ndani, akaketi kando ya mama yake, mahali pakavu. Mvua ilipiga bati kwa kishindo, hata hakuweza kusikia wanawake walikuwa wakiimba nini.