Matairi ya Mjomba Esenbek

Kulipopambazuka tu, Burulai na mama yake walianza kupakia madumu ya kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kwenye jipu lao kuukuu. Kiangazi chote familia za kijiji chao ziliishi malishoni, juu milimani, zikikamua farasi na kuchachusha maziwa. Mama yake Burulai, Zuura, ndiye aliyeyapeleka mjini Naryn. Alibeba pia abiria, wagonjwa, magunia ya sufu, na siku nyingine mbuzi aliyelia njia nzima.

Burulai, msichana wa miaka kumi na miwili, alipenda safari hizo ila hakujua kutulia. Garini alipiga ngoma kwenye dashibodi kwa vidole, akafungua dirisha, akalifunga, akauliza wamefika wapi.

"Wewe mtoto una mchwa kwenye kiti?" Mama alimwuliza kila mara.

Kilichomkera zaidi Burulai ni bonde la matope lililokuwa chini kidogo ya mahema yao. Mvua ikinyesha, jipu lilizama humo mpaka kwenye ekseli. Matairi yao yalikuwa ya barabara ya kawaida, yenye mifereji myembamba iliyojaa tope mara moja, yakaanza kuteleza kama sabuni. Watoto wa hema la jirani walikaa juu ya kilima wakicheka.

"Burulai! Jipu lenu linaogopa matope kama paka aliyeona beseni!"

"Shukeni basi msukume, midomo mikubwa nyie!" aliwajibu, huku masikio yakimwaka.

Kwa hiyo siku Mjomba Esenbek, mdogo wake Mama, alipokuja na matairi ya matope nyuma ya gari lake, Burulai aliruka juu kwa furaha. Yalikuwa meusi, mapana, yenye meno makubwa kama ngumi za mtu.

"Yachukue, dada," Mjomba alisema. "Mimi siku hizi nafanya kazi mjini, lami tupu. Yananilia mafuta, na kelele zake! Nikiendesha, najiona niko ndani ya mzinga wa nyuki."

"Kumbe! Yamekushinda, ndiyo ukakumbuka una dada," Mama alisema, wote wakacheka.

Lakini Mama hakuyafunga siku hiyo. Alipapasa nafasi pana zilizokuwa kati ya meno, akatikisa kichwa. "Kwenye tope haya ni mabingwa. Yanang'ata, kisha yanajisafisha yenyewe. Ila sehemu kubwa ya safari yetu ni lami. Pale yanagusa barabara kwa ncha za meno tu. Lami ikilowa, ukikanyaga breki, gari halisimami unapotaka."

"Mama, jamani! Utaendesha polepole tu!" Burulai alisema. Hakunyamaza siku nzima. Alimfuata Mama kwenye farasi, akamfuata mtoni, akamfuata jikoni. Wiki ile mvua haikukoma, na jipu lilikwama tena na madumu yote. Mama akakubali.

Siku ya kwanza walipita bondeni huku tope likiruka hadi kwenye paa. Kabla ya kuingia, Mama alipunguza upepo kwenye matairi yote. "Tairi lililolegea linatandaza unyayo wake," alieleza, "halizami upesi. Lakini tukifika kwenye lami, lazima tujaze tena. Tairi legevu likienda kasi kwenye lami linapata moto, na gari linayumba."

"Nitajaza mimi!" alisema Burulai. "Hiyo iwe kazi yangu."

Mama akamfundisha kutumia pampu ya kuunganisha na betri na kusoma kipimo cha upepo. Tangu siku hiyo, walipofika kwenye duka lililo mwanzo wa lami, Mama aliteremsha madumu ya mwenye duka, na Burulai akajaza upepo.

Ikafika asubuhi moja ya mvua nyembamba. Siku hiyo mjini kulikuwa na majaribio ya kuchagua timu ya wasichana ya mpira wa wavu, na Burulai alikuwa hajalala vizuri kwa hamu. Garini mlikuwa pia na Bibi Kanyshai, jirani yao, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa juzi. Walichelewa kuondoka kwa sababu farasi mmoja alipotea. Burulai alikaa kwenye ncha ya kiti, magoti yakicheza.

"Tutawahi, Mama?"

"Tutafika."

"Nimeuliza tutawahi!"

Dukani, Mama na Bibi Kanyshai waliingia ndani na madumu. Burulai alijaza tairi la mbele la kulia, kisha la kushoto. Pampu ikapata joto, ikazima yenyewe. Ilikuwa kawaida yake. Ilitaka kupumzishwa kidogo ndipo iwake tena. Burulai alisimama mvuani akiitazama. Aliibonyeza, haikuwaka. Akilini aliona wasichana wengine wakiitwa majina yao uwanjani, jina lake likiitwa, hakuna anayeitikia. Akaiondoa pampu na kuitupa chini ya kiti.

Mama akatoka dukani anakimbia, kitambaa cha kichwani kimelowa. "Umejaza yote manne?"

"Yote," alisema Burulai, akifunga mlango.

Kwenye lami matairi yalinguruma. Mwanzoni Burulai alihisi sehemu ya nyuma ikicheza kidogo kila walipokata kona. Sema sasa, alijiambia. Halafu akajiambia mji uko karibu.

Baada ya kona ya mto, kundi la farasi lilikuwa linavuka barabara. Mama alikanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza mbele juu ya maji, nyuma ikachomoka kushoto, Mama akazungusha usukani huku na huku, madumu yakagongana, Bibi Kanyshai akapiga kelele. Jipu likatumbukia mtaroni na kutulia limeinama. Farasi walipita salama. Kumisi ilikuwa inamwagika ikinuka gari zima.

"Mwanangu! Umeumia?"

Burulai hakuwa ameumia, wala Mama. Lakini Bibi Kanyshai alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kifuani, uso umekuwa wa majivu.

Dereva aliyepita aliwapeleka hospitali. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Daktari alimfunga plasta ngumu na kumwambia asiutumie mkono huo mpaka majira yabadilike.

"Na zulia langu la sufu je?" Bibi Kanyshai alimwuliza. "La mjukuu. Vipande vyake nimeshavikata, bado kuvishona pamoja."

"Labda mwakani, Bibi."

Bibi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Mjomba Esenbek alipopata habari alikwenda kulivuta jipu mtaroni, kisha akaja nalo uani mwa hospitali. Mama alimpokea kwa ukali.

"Matairi gani yale uliyonipa? Umetaka kutuua!"

"Matairi ni mazima, dada! Ya nyuma hayana upepo. Nimeyapima. Uliingiaje lami na upepo wa matopeni?"

"Yalijazwa!"

"Hayakujazwa."

"Esenbek, Burulai ndiye aliyejaza. Nilimwuliza, akaniambia yote." Mama alimshika Burulai begani. "Mwanangu ana pupa, ana kelele, lakini hasemi uongo. Umetuletea takataka zako, sasa unamsingizia mtoto?"

Mjomba aligeuka aende zake. Burulai aliuona mgongo wake ukitoweka kwenye lango, na mkono wa Mama ulikuwa mzito begani kuliko gunia. Hakuweza kusimama tuli. Akamkimbilia.

"Mjomba, rudi! Sikujaza!" Akamgeukia Mama. "Ya nyuma sikujaza. Pampu ilizima, sikutaka kungoja. Nilikudanganya."

Mama hakumpiga, wala hakupaza sauti, na hilo lilimwumiza Burulai zaidi. Alimwambia ndugu yake, "Nisamehe," kisha akamwambia binti yake, "Twende kwa Bibi. Ukamwambie mwenyewe."

Bibi Kanyshai alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa ajili ya mpira?" aliuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Umechaguliwa?"

"Sikufika."

"Basi wote wawili tumekosa tulichokitaka." Aliuegemeza mkono wenye plasta kwenye mto. "Nimekasirika, sitakuficha. Lakini vidole vyako viko vizima. Kuanzia kesho vitakuwa vyangu. Utashona zulia hilo, mimi nitakaa pembeni nikufokee."

Na kweli alimfokea. Kushona sufu nene hakutaki haraka: mshono mmoja ukienda upande, mstari mzima unafumuliwa. Burulai alifumua, akalia, akajichoma, akashona tena, huku watoto wenzake wakikimbia nje.

Mama na Mjomba walikaa chini wakapatana kuhusu jipu. Walitafuta matairi ya wastani, yenye meno ya kutosha kushika udongo na mpira wa kutosha kushika lami, na minyororo ya kufunga pale bondeni kwenye siku mbaya. Hayakuwa hodari kama yale ya Mjomba matopeni, na watoto wa jirani walipata tena cha kuchekea.

Siku ya kwanza nayo, Mama alisimamisha gari dukani na kumpa Burulai pampu. Burulai aliishika, hakuamini.

"Bado unaniachia mimi?"

"Nakuachia. Mimi pia nina kosa langu. Nilijua lami imelowa na matairi yale hayasimami upesi, nikakimbiza gari kwa sababu yako. Kila tairi lina mahali linapofaa na mahali linapoponza, na dereva anayelijua hilo anapunguza mwendo. Lakini mimi naendesha kwa kile nilichoambiwa, Burulai. Ukinidanganya juu ya gari, umenifunga macho nikiwa njiani, na kuna watu nyuma yangu. Ukichoka, sema umechoka. Pampu ikizima, sema imezima. Nitangoja nawe."

Burulai aliinama kwenye gurudumu la kwanza. Alipofika la tatu, pampu ilipata joto ikazima.

"Mama," aliita, "imezima. Bado mawili."

"Haya," alijibu Mama, akakaa juu ya dumu kando yake. "Tungoje."