Nilimnyoa Kaka Yangu Ndevu Ili Apokelewe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kaka yangu awe tayari kabisa.

Nina miaka ishirini na mitano, naishi Butiama. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe, na kila ninachokifanya nakirudia mpaka kinyooke. Kaka yangu mkubwa, Wambura, alizaliwa na ulemavu wa akili.

Miaka michache iliyopita, bado tukipanga foleni ya sabuni, padri alitangaza kwamba masista wa Musoma wamefungua karakana pale Mukendo. Wanawafundisha vijana kama Wambura kusokota kamba, kisha wanawatafutia kazi kwenye kiwanda cha pamba Bunda. Mama alitaka tumpeleke wiki ileile. Mimi nikakataa... Angeendaje wakati hata vifungo vya shati hajui kufunga? Si wangemcheka?

Nikamfundisha miaka minne. Vifungo, kuhesabu, kusalimia. Mama alifariki katikati ya mafunzo yangu hayo, akiwa bado ananiuliza tunasubiri nini...

Nilipoona sasa anafaa, mitumba ilikuwa imejaa sokoni. Nikamnunulia shati jeupe. Ndipo jirani akaniambia kuwa masista hawampokei aliyepita miaka ishirini na mitano. Wambura alikuwa na ishirini na minane! Kwa nini sikuuliza tangu mwanzo?

Nikamnyoa ndevu. Nikamkaririsha aseme ana miaka ishirini na miwili, na mbele ya sista alisema vizuri kabisa. Sista akafurahi, akamwita mlinzi aje amwonyeshe pa kulala.

Mlinzi alipomwona akaangua kicheko. "Wambura, wewe! Bado unaogopaga kisu? Sista, huyu tulitahiriwa naye siku moja. Alilia mpaka ng'ombe wakakimbia."

Wambura akamkumbatia, akalitaja rika lao kwa fahari, kifua mbele.

"Na wewe una miaka mingapi?" sista akamuuliza mlinzi.

"Ishirini na minane, sista. Na watoto watatu."

Sista alinitazama mimi, si Wambura. Akasema hawezi kumpokea. Nililia, nikapiga magoti... haikusaidia.

Pale getini nikampiga kaka yangu kofi. Mkubwa wangu, mbele ya mtu wa rika lake. Alishika shavu akaniangalia.

"Ishirini na miwili," akasema. "Nimekosea wapi? Nirudie?"

Ndugu msomaji, nilimshika mkono tukarudi Butiama.

Kama una mtu wa namna hii nyumbani, nakusihi, usimfiche mpaka afanane na unavyotaka wewe. Mpeleke hivyo alivyo, mapema, na uulize kwanza wanapokea wa umri gani. Mimi nilimchelewesha kwa kuona aibu, nikaiita aibu hiyo upendo...

Sasa Wambura anachunga mbuzi wa watu kwa kupewa chakula. Mimi nimeacha kumfundisha. Na rika lake halitaji tena. Mtu akimuuliza umri, ananitazama mimi kwanza.