Mama Javan Anaitwa Nani?

Saa tisa na nusu mchana, nyumba ya Mideva kule Langas, mtaa wa Eldoret, husikika kabla haijaonekana. Watoto sita wametoka shule. Mmoja anataka maji. Mwingine anataka uji. Wa tatu anaapa kwamba leo mwalimu hakutoa kazi yoyote ya nyumbani. Mideva anamtazama tu mpaka mtoto anafungua mkoba mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi ya Mideva. Anawaangalia watoto wa majirani kuanzia saa za kufunga shule mpaka wazazi watoke kazini. Watoto humwita Anti. Watu wazima humwita Mama Joyline, kwa jina la binti yake aliyeolewa Kitale. Amefanya kazi hii miaka minne. Ukimuuliza, atakwambia bila haya kwamba anawajua watoto hawa kuliko wazazi wao. Anajua nani hapendi maharagwe. Anajua nani huficha kalamu za wenzake. Mimi nakubali kwamba alijua mengi. Sasa sikiliza yale ambayo hakuyajua.

Jumanne moja Javan, mtoto wa miaka sita, alipanda ua kufuata mpira. Kipande cha mabati yenye kutu kikamchana mguu chini ya goti. Damu ilitoka nyingi. Mideva alifunga kidonda kwa leso safi, akawaacha wengine na jirani, akambeba Javan mpaka zahanati.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kalamu mkononi. Aliuliza jina la mtoto.

"Javan," Mideva akasema.

"Austine Ochieng," mtoto akasema papo hapo, huku analia.

Mideva alishangaa. Akamuuliza ameitwa Austine tangu lini. Javan akamjibu kwamba hilo ndilo jina la shule, na Javan ni la nyumbani, la babu.

"Na mama yake anaitwa nani?" daktari akauliza.

"Mama Javan."

"Hilo ni la mtaani, mama. Jina lake mwenyewe."

Watu kwenye benchi waligeuka kusikiliza. Kwa miaka miwili Mideva amepokea mtoto wa mwanamke huyu kila siku. Wamekopeshana chumvi. Wamelia pamoja msibani. Jina lake hakulijua. Alimuuliza Javan, na Javan akasema mama yake anaitwa Mama.

Alijaribu simu. Haikushikwa. Mama Javan hufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na wafanyakazi huacha simu kwenye kabati pale getini. Mideva akamtuma mtu wa boda boda aende amwite. Baada ya nusu saa yule kijana alirudi peke yake. Alisema askari wa geti amemwambia kwamba ndani kuna kina mama karibu mia mbili, na wote ni mama wa mtu fulani, kwa hivyo aende akalete jina.

Daktari alikuwa amesafisha kidonda na kukifunga vizuri. Akauliza swali moja zaidi. Je, kuna dawa yoyote inayomdhuru mtoto huyu? Mideva hakujua. Javan akasema kuna dawa moja ilimfanya avimbe mdomo.

"Dawa gani?"

"Ya pinki."

"Dawa za pinki ni nyingi," daktari alisema. "Sitampa kitu mpaka nimpate mzazi."

Wakangoja. Mguu ulimuuma Javan, naye alilala mapajani mwa Mideva akinung'unika. Saa kumi na moja na nusu, baada ya kuchukua simu yake getini na kuona amepigiwa, mama yake aliingia mbio, bado amevaa kofia ya kazini. Alipoulizwa jina alisema Perez Aketch. Alipoulizwa juu ya dawa alisema amoksilini, ile ya maji ya pinki, bila kufikiri mara mbili.

Daktari aliandika, kisha akainua macho. "Hiyo ndiyo ningempa," akasema.

Mideva aliogopa sana aliposikia hivyo. Aliogopa kuliko alivyoogopa damu. Akafikiri, kama mtoto asingekumbuka kuvimba mdomo, ingekuwaje? Na wale wengine watano, wana nini ambacho sijui? Swali hilo lilimfuata mpaka nyumbani.

Kesho yake asubuhi alimwita Brenda Nasambu. Brenda ni mhudumu wa afya ya jamii pale Langas, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba mgongoni. Ni mwanamke mwenye maswali mengi. Alikaa, akapewa chai, akaanza kuuliza. Baba Marion akichelewa, ni nani mwingine anaruhusiwa kumchukua Marion? Nani kati ya watoto ana ugonjwa wa kudumu? Jana, mtoto wa tatu aliondoka saa ngapi, na nani?

Mideva alijibu machache. Mengine alibahatisha, na Brenda alijua anabahatisha.

"Wewe si mzembe, Mama Joyline," Brenda alisema. "Hayo yote umeyaweka kichwani. Na kichwa kikishtuka, kinasahau. Nunua daftari mbili."

Akamweleza. Daftari la kwanza kila mtoto awe na ukurasa wake. Hapo paandikwe majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na mahali wanapofanya kazi, na namba mbili za simu, kwa sababu moja inaweza kuzimwa. Paandikwe pia watu wanaoruhusiwa kumchukua, magonjwa yake, na dawa au chakula kinachomdhuru. La pili ni la kila siku. Mtoto ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, amechukuliwa na nani. Akianguka, andika siku hiyo hiyo, na mzazi asome na kutia sahihi. Akifika tayari ana alama mwilini, andika pia, ili kesho msilaumiane. Dawa usimpe mpaka mzazi awe ameandika kwamba amekubali, na ukimpa, andika saa. Halafu nenda kwa afisa wa watoto wa serikali uulize nyumba kama yako inahitaji kibali gani, badala ya kungoja kuulizwa.

Mideva akauliza kama anaweza kumwongeza mtoto wa saba. Brenda alitazama kile chumba kimoja na ua ule wenye mabati, akamuuliza ni watoto wangapi anaweza kuwaona wote kwa macho yake kwa wakati mmoja. Mideva akasema sita, tena kwa shida. Basi, Brenda akasema, umejijibu. Siku hiyo hiyo fundi aliitwa, akaondoa kile kipande cha mabati.

Kazi ya kujaza kurasa ilimfurahisha Mideva kuliko alivyotazamia. Kila jioni alijifunza jambo. Kumbe mtoto aliyemdhani ni mkaidi hasikii vizuri kwa sikio la kushoto. Kumbe pacha wawili kati yao hawaruhusiwi kuchukuliwa na mjomba wao, na mara mbili alishawapa mjomba huyo huyo. Perez alipoandika jina lake kwenye ukurasa wa Javan, alilitazama kidogo.

"Tangu nije Eldoret," alisema, "ni askari wa geti tu ananiita Perez."

Baba Marion ndiye aliyekataa. Jina lake ni Paul Githinji. Huuza viazi sokoni, na tangu mkewe afariki anamlea Marion peke yake. Alisoma ukurasa wote akiwa amesimama mlangoni. Akauliza karatasi hii itakaa wapi, na ni nani ataisoma. Kabla Mideva hajamaliza kujibu, alimrudishia, akamshika Marion mkono, wakaenda. Kesho yake Marion hakuja. Kesho kutwa hakuja. Javan alisema amemwona sokoni, amekaa juu ya magunia ya viazi akiwa amevaa sare ya shule.

Mideva alikasirika, kisha akaanza kujiuliza. Daftari alilinunua ili watoto wawe salama. Imekuwaje sasa mtoto wa miaka saba anashinda sokoni kwa sababu ya daftari hilo?

Alimwonyesha Brenda ukurasa. Brenda alisoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mideva alikuwa amenakili maswali mengine kutoka kwenye kadi ya zamani ya kanisa. Mstari huo uliuliza kabila na mahali familia ilipotoka.

"Mtoto akikosa pumzi," Brenda aliuliza kwa sauti ya chini, "kabila litamsaidia kupumua?"

Mideva aliona aibu. Mwaka ule mbaya wa ghasia za uchaguzi, watu walipofukuzwa makwao kwa kabila zao, yeye mwenyewe alilala kwenye uwanja wa kanisa wiki tatu na Joyline mgongoni. Yeye, kati ya watu wote, alipaswa kujua.

"Uliza tu kitu kitamsaidia mtoto," Brenda aliendelea. "Kile hukihitaji, usikiandike. Na kile umeandika, kifungie. Si habari za kusimuliana kwa kibanda cha mboga."

Mideva alienda sokoni mchana huo huo. Alimkuta Paul Githinji akipanga viazi kwenye debe, na Marion akisoma kitabu juu ya gunia. Hakujitetea. Alimwambia amekosea kuuliza vile, akaichana karatasi ya zamani mbele yake, akampa mpya. Akamwambia daftari litakaa ndani ya sanduku lenye kufuli, na ukurasa wa Marion hautasomwa na mzazi mwingine.

Paul aliendelea kupanga viazi. Kisha akasema, "Mwaka wa ghasia mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, huko Burnt Forest. Waliokuja kuchoma walijua ni nyumba gani ni ya nani."

Akajifuta mikono, akasoma karatasi mpya mara mbili, akaanza kujaza. Kalamu ilisimama kwenye mstari wa magonjwa. Akamtazama Marion. Kisha akaandika neno moja, pumu.

Mideva alishtuka. Mwaka mzima mtoto huyu amecheza uani kwake.

"Mahali alikuwa kwanza walimkataa wakisikia," Paul alisema. "Nikamwambia asiseme. Inhela yake ya kuvuta dawa iko ndani kabisa ya mkoba, kwenye soksi."

"Hapa hatakataliwa," Mideva alijibu. "Lakini mimi lazima nijue."

Jumatatu Marion alirudi. Baba yake alikuja na karatasi ya daktari, akamwonyesha Mideva jinsi ya kutikisa inhela na jinsi Marion anavyoivuta. Inhela ikawekwa kwenye rafu ya juu, mahali Mideva anafika kwa mkono mmoja. Karatasi ikabandikwa kwenye ukurasa wa Marion.

Wiki tatu zikapita. Ulikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Alasiri moja jirani alichoma mabua nyuma ya nyumba, na moshi ukaingia ndani. Marion aliacha kuandika. Mabega yake yalianza kupanda na kushuka, na kifua kikalia kama filimbi.

Mideva alishusha inhela kwenye rafu, akafungua sanduku la daftari. Karatasi ya daktari ilieleza kila kitu, na alihitaji kuifuata tu. Alimkalisha Marion wima, akafunga madirisha, akampa inhela vile daktari alivyoandika, pumzi moja baada ya nyingine, bila kuharakisha. Akapiga namba ya kwanza. Paul hakushika, soko lina kelele. Akapiga ya pili, ya mama anayeuza vitunguu kando yake. Huyo alishika mara moja.

Paul alipofika akihema, Marion alikuwa amekaa kwenye kiti, anapumua vizuri. Mideva aliwaacha wengine na jirani, wakaenda wote watatu zahanati ili Marion apimwe. Daktari alisikiliza kifua, akauliza dawa ilitolewa saa ngapi. Mideva akafungua daftari la pili, akasoma: saa kumi na dakika kumi. Daktari akasema wamefanya sawasawa.

Jioni hiyo nyumbani, Mideva aliandika yote kwenye ukurasa wa siku, tangu moshi mpaka zahanati. Paul alisoma kila neno, akatia sahihi. Alikaa tu, daftari mapajani, kana kwamba hataki kuliachia.

Marion alisogea, akauliza kama yeye pia anaweza kusoma, kwa sababu ni habari zake. Watu wazima wawili walitazamana. Mideva akampa. Marion alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipomaliza, alikunja uso.

"Anti, umesahau kitu."

"Nini?"

"Hujaandika kwamba sikulia."

Mideva alichukua kalamu, akaandika.